Mbegu Hazifunguliwi Kama Saa

Wanangu,

Nimewahi kiwandani, leo tanuri mbili za mikate ni zangu peke yangu, na mgongo nimeuacha kitandani. Maziwa yachemsheni kabla ya kunywa. Trei ya mbegu za nyanya iko dirishani: inyunyizieni kikombe kimoja cha maji kwa vidole, msimwage. Ndiyo bustani yetu ya kwanza, msiizamishe.

~~Baba yenu asiiguse kabisa.~~ Baba yenu aiangalie kwa macho tu.

Alfajiri nimemkuta amechuchumaa mbele ya trei, kibano chake cha kazi mkononi, anafukua mbegu mojamoja aone kama zimeota. Kumbe ndiyo kazi yake siku zote hizi tisa tangu tuzipande! Fundi saa huyo, haamini kitu kinatembea mpaka akifungue. Nikamfokea hadi jirani akafunga dirisha. Akasema taratibu, "Mama watoto, naogopa zimekufa, na wewe umechoka hivi." Nikaingia jikoni nikabamiza mlango.

Mpeni chai ya moto. ~~Mwambieni nimesema samahani.~~ Hilo nitamwambia mwenyewe jioni.

Na jambo moja. Aliporudi kulala, nilichukua kijiko nikafukua mbegu moja, ile ya pembeni. Imetoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi. Nimeifunika tena polepole.

Mwambieni ziko hai. Akiuliza nimejuaje, ninyi hamjui.

Mama yenu