Taa Nyingi Mtoni

Garissa, Jumatatu, 19 Novemba 1951
Asubuhi mawingu mazito, hakuna upepo. Mto umepanda tena, maji ya udongo mtupu. Nimechemsha sindano. Nimefunga vidonda vya wachunga ngamia wawili. Daktari yuko Wajir hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo chumba cha wazazi ni changu peke yangu.

Hadija, mke wa Buya mvuvi, amevuka kuja kupimwa. Mtoto bado amekaa kitako, kichwa juu. Nilijaribu kumgeuza, akarudi palepale. Nimemkataza Hadija kujifungulia ng'ambo. Uchungu ukianza tu, Buya awashe taa amlete.

Hapa wavuvi hutega gizani. Wanasema mwanga humchokoza kiboko. Mtumbwi ukiwa na taa usiku, una mgonjwa. Nikiiona kutoka barazani natundika yangu kwenye nguzo ya kivuko, nashuka kupokea. Haijatupotosha hata mara moja.

Jioni chifu ametangaza amri kivukoni. Barabara imekatika, na boti ya serikali inayopeleka magunia Masalani iligonga mtumbwi wiki iliyopita. Watu waliogelea, nyavu zikapotea. Kuanzia Alhamisi kila mtumbwi utakaokuwa mtoni usiku uwe na taa nyeupe inayowaka. Usio na taa utachukuliwa. Niliona ni jambo jema. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Alhamisi, 22 Novemba
Manyunyu alfajiri, kisha jua kali. Amri imeanza.

Taa ya kwanza nilishuka mbio na machela. Alikuwa Komora, mzee wa wavuvi, na kambale wake.
"Dada, mgonjwa ndiye huyu! Mpige sindano, bado anarukaruka!"
Wakacheka mtumbwi mzima. Nami nilicheka. Taa ya pili nilishuka tena. Ya tatu pia. Ng'ambo mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti, akidhani mwanawe analetwa. Ilibidi wavuvi wampigie kelele kwamba wanavua tu.

Viatu vimeloa. Sina vingine.

Jumamosi, 24 Novemba
Mvua tangu usiku. Mbu wengi.

Nimekaa barazani nikitazama taa. Zinapendeza, sikatai. Lakini zamani taa ikionekana mtoni, ilikuwa inakuja kwangu. Mtu alinihitaji, nami nilijua. Sasa mto umekuwa kama mtaa wa mji nisimomjua mtu. Taa zinapita, hakuna inayonitafuta.

Niko mpweke. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kitaita, lugha ya kwetu, sijakisema tangu Agosti. Watu wa hapa wananiheshimu, wananisalimu, wanaendelea na safari zao. Anayekaa kwangu hadi chai ipoe ni Hadija peke yake.

Leo sikushuka kwa taa yoyote.

Jumatatu, 26 Novemba
Anga safi, joto mapema. Nimekwenda kwa nahodha wa boti, mtu wa Lamu, mpole. Nilimwomba mtumbwi wenye mgonjwa uruhusiwe taa mbili, moja juu ya nyingine. Akakataa. Kwa mabaharia taa mbili nyeupe za kusimama ni chombo kinachovuta kingine, naye angekaa mbali akitafuta kamba isiyokuwapo. Nyekundu? Hiyo ni ya ubavu wa kushoto. Kijani, ubavu wa kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, chombo kinakuja usoni kwako, toka njiani.

Akaniambia na jambo jingine. Kwa mtumbwi wa kafi, sheria za baharini zinatosheka na taa iliyowashwa na kuwekwa karibu, ionyeshwe mapema chombo kingine kinapokaribia. Si lazima ionekane usiku kucha. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya wilaya. Karani hakuinua kichwa. Amri imetolewa, Bwana D.C. yuko safarini Habaswein, nisubiri. Nilimwambia mimba haisubiri. Akasema hilo halimo katika kazi yake.

Nimerudi na hasira.

Jumanne, 27 Novemba
Ukungu juu ya maji hadi saa mbili. Hadija amekuja, miguu imevimba. Nimemweleza yote. Akacheka huku ameshika kiuno.
"Basi mimi nitakuja bila taa. Wote wana taa, utanijua kwa giza langu."
Nilimkaripia. Boti itawakata vipande viwili, nilisema. Nilimwomba alale hapa zahanati hadi siku yake. Akasema nani atampikia Buya. Akavuka kurudi.

Laiti ningemshikilia.

Alhamisi, 29 Novemba
Asubuhi jua, mbayuwayu wengi juu ya mto. Naandika ya jana usiku. Mikono imechoka.

Buya huvua mbele ya nyumba yake, na taa yake haihami. Jana ilihama. Ikaenda ukingoni, ikakaa kidogo, ikazimika. Nilingoja iwake. Haikuwaka. Kisha taa ya Komora, katikati ya mto, ikapotea na kurudi. Kitu kilikuwa kimepita mbele yake. Kitu cheusi.

Nilishuka bila viatu. Papo hapo nikasikia mashine ya boti kutoka upande wa juu wa mto. Nyekundu na kijani, zote mbili. Nikapiga kelele hadi koo likachanika.
"Komora! Buya yuko gizani! Ana mgonjwa!"
Komora hakuuliza. Aliinua taa yake juu ya kichwa, akapiga kafi kuelekea kwenye lile giza, na wengine wakamfuata. Walimzunguka Buya kwa taa zao. Nyekundu ikafichika, ikabaki kijani peke yake. Boti ikapita pembeni, mawimbi yakawarusha wote. Nahodha alitukana kwa lugha ambayo sikujua anayo.

Walipofika kivukoni, Hadija alikuwa amelala ndani ya mtumbwi, ameuma shuka. Miguu ya mtoto ilikuwa imeshatoka. Mikono ilikwama, nikaitoa mmoja mmoja. Kichwa kilikawia. Nilifikiri nimewapoteza wote wawili. Kisha akalia. Msichana. Mama yu hai, damu imekatika.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia mimi.

Jumamosi, 1 Desemba
Mawingu, upepo wa vumbi. Chifu amekuja na askari. Ameuchukua mtumbwi wa Buya. Nilisimama mbele yake, nikasema yote. Alinisikiliza hadi mwisho.
"Abayo, dada yangu, wewe mtu ya kusoma. Boti ingebiga hawa, mimi ningezika watu ngapi?"
Buya alikosa, na asingekosa nisingemwona.

Jumanne, 11 Desemba
Baridi kidogo asubuhi. Bila mtumbwi Buya hana kazi. Wamehamia Mnazini kwa wazazi wa Hadija. Boti ileile imewachukua, nahodha amewapa nafasi juu ya magunia. Hadija alinipa mtoto nimbebe mpaka dakika ya mwisho. Hakusema atarudi. Nami sikumwuliza, niliogopa atanidanganya kwa huruma.

Chai niliyomwekea nimeimwaga.

Alhamisi, 20 Desemba
Asubuhi anga tupu, hakuna wingu. Mto umeshuka, michanga imetokeza. Barabara imefunguka, boti imeondoka kwenda pwani. Hakuna aliyefuta amri. Mafuta ya taa ni ghali, na hakuna wa kugongana naye, basi wavuvi wamezima mmoja mmoja. Chifu anaona, ananyamaza. Mtumbwi wa Buya uko nyuma ya ofisi, umepasuka kwa jua.

Jioni nimekaa barazani. Nawasikia wavuvi, siwaoni. Komora ameniita kutoka gizani, kunitakia usiku mwema. Nimemjibu. Hakuna mgonjwa, nashukuru. Hakuna mtu pia.

Nimeingia kitandani saa tatu. Naongeza asubuhi: usingizi ulikuja saa nane.