Baba Yangu Hapumziki Pale

Jumamosi, Kilosa. Jua kali, vumbi, na mimi nimefura kama chatu aliyemeza mbuzi.

Leo nimekwenda na Rehema, binti wa dada yangu, ukumbini karibu na stesheni. Wameleta picha za wafanyakazi wa reli, za kuchorwa na za kamera za zamani. Michoro ni mizuri, sikatai, ila mchoraji kawainamisha watu wote kama wako msibani. Nikapita tu.

Mpaka nilipomwona baba.

Picha ya kamera, njia ya Mikumi. Wanaume wamejipanga kuinua reli. Mmoja kasimama pembeni, mikono mitupu, mdomo wazi. Chini wameandika: "Kibarua akipumzika."

"Mjomba, huyu si anapiga miayo?" Rehema akacheka.

Miayo! Baba ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa genge. Reli haibebwi kwa misuli, inabebwa kwa sauti. Mmoja akitangulia kunyanyua, mwenzake anavunjika mguu. Baba anaita, wote wanainuka pamoja. Ulimi wake ulibeba chuma kingi kuliko mabega ya Kilosa nzima.

Nikamweleza binti anayesimamia maonyesho. Kabla hajajibu, fundi baiskeli wa sokoni akadakia: "Dada, usimsikilize huyo! Anatuambiaga baba yake alimzaba simba kofi kule Mikumi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kofi lile lilipigwa, sifuti neno. Lakini leo habari haikuwa simba.

Nikasimama mbele ya picha, nikaita kama baba alivyokuwa akiita:

"Chuma kina mama?"

Rehema akatazama sakafu.

"Chuma kina mama?"

"Hakina!"

Sauti imetoka benchi la mlangoni. Mzee Mbega, mstaafu wa genge lilelile, ambaye siku hizi hata shikamoo hasikii mpaka uirudie. Kashainuka, bega mbele.

"Atakibeba nani?" nikaita.

"Sisi!"

Hakuna aliyecheka tena.

Binti wa maonyesho amesema, kwa adabu, maandishi hayabadilishwi bila ruhusa ya wakubwa wake. Haya. Mimi sina mkubwa. Kesho asubuhi nampitia Mzee Mbega, tunasimama palepale chini ya picha, na kila anayeingia tutamwimbia. Keshokutwa tena. Na tena.

Tuone nani atapumzika kwanza.