Mchanga wa Bi Mkubwa

Jumanne, 9 Septemba 2025
Salman bado anakohoa. Tumbo limemtoka kama la diwani, homa inakuja na kwenda. Mimi nimejua chanzo — mbwa wa jirani Nakhumicha! Leo nimemwambia hapo kwa fensi, amfunge. Ati, "Mama Sarman, mbwa yangu hata haijui mlango yenu." Tumeachana bila kwaheri. Baba Salman alikuwa kwa kochi, paka wake kifuani. Paka anaitwa Bi Mkubwa — ili mimi nijue nafasi yangu.

Ijumaa, 12 Septemba
Chupa nzima ya dawa ya kikohozi, bure. Chakula hataki, mchanga anataka! Ule wa kunijengea jikoni — umekaa uani tangu mwaka jana, jikoni sijaiona. Leo ameupika "pilau", akaonja. Dada yangu Shamira amepiga simu: mlete huku Kitale, kuna daktari mzuri wa watoto.

Jumatano, 17 Septemba
Kitale. Baridi! Daktari Jepkosgei alimtoa Salman damu, akalia, nikalia. Majibu: minyoo. Si ile ya kawaida — ya mnyama, inatembea mwilini, imefika mpaka mapafu. Nikadakia: mbwa wa jirani! Akauliza, "Na nyumbani mna paka?" Baba Salman akageukia bango la chanjo ukutani, akalisoma lote. Ni choo cha paka, daktari akasema. Mayai hukaa mchangani miezi, mtoto akitia mkono mdomoni, basi. Bi Mkubwa! Mtoto kapewa dawa, atapona, inshallah. Paka naye apewe yake. Njiani bwana akasema polepole, "Usimfukuze, tafadhali." Hata posa hakuniomba hivyo.

Alhamisi, 18 Septemba
Mchanga umefunikwa turubai. Bi Mkubwa amepewa dawa, amemkwaruza bwana — haki yake. Jioni nikabeba mahamri kwa Nakhumicha. Mbwa amefungwa kamba nyuma ya nyumba, kwa ajili yangu. Nikaona haya. Kabla sijafungua mdomo, chai imemiminwa. "Jirani, ile maneno ya mbwa..." akaanza yeye. Ndani mtoto akakohoa. Ni Emmy wake, anayeshinda kwetu akicheza na Salman. "Ni baridi tu," Nakhumicha akasema, akinisogezea sukari. Emmy akakohoa tena. Kikombe mkononi, nikauliza: "Tumbo lake je?"