Asali ya Kumpaka Aliyeungua

Maskati, Ijumaa usiku, Novemba 1970

Na sasa shangazi nimwambie vipi?

Jana bosi wangu, Mzungu, alitualika uani kwake kutazama sinema ya zamani ya Kimarekani, ile bubu, ya kuchekesha. Humo mwigizaji wa Kizungu kajipaka masizi usoni, anaiba kuku, kisha anaikimbia shuka iliyoanikwa akidhani jini. Bosi alicheka mpaka machozi. Shangazi, ambaye hajapata kuona sinema maisha yake, alilia.

"Maskini, kaungua uso mzima! Hebu tizama shingo yake ilivyo nyeupe! Na bado wanamcheka!"

Leo kanituma kwa bosi na kichupa cha asali, mgonjwa apakwe. Nilishindwa kueleza, nikasema ni zawadi. Bosi akaipaka kwenye mkate, akala mbele yangu. Akasema maadamu tumefurahi hivyo, Alhamisi ijayo atatuonyesha tena sinema ileile.

Shangazi kesharidhika. Atakwenda, anasema, akamwangalie kama kapona.

Nnaogopa. Atamkuta vilevile, kisha atanigeukia mimi. Nitamwambia vipi, na weusi wake ule, kwamba yule mtu hakuungua, alikuwa akimwiga yeye?