Dawa Mbili kwa Mguu Mmoja

Jumatatu, 4/3
Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne kitandani. Mguu wa kushoto unawaka tangu asubuhi, kiunoni mpaka kidoleni. Miaka miwili sasa, tangu pikipiki iniangushe kwenye njia ya Lulimba. Mfupa ulipona. Mishipa ya fahamu haikupona. Nimemeza tramadol mbili za maumivu. Zamani moja ilitosha.

Nyumba hii ni kubwa kwa mjane mmoja.

Jumatano, 6/3
Hospitali. Daktari kijana, mpole. Ameniandikia gabapentin, ya kutuliza mishipa. Akauliza, «Mama, iko dawa ingine unakunywaka?» Nikasema hapana.

Uongo. Hapa kwetu tramadol ni ya vijana wa machimbo, wanameza ili wachimbe bila kusikia uchovu. Mimi mwalimu. Mama wa kanisa. Ningesemaje?

Ijumaa, 8/3
Siku ya bamama. Wenzangu wameandamana wote na kitenge cha namna moja. Nimesikia tarumbeta za fanfare tu, dirishani. Nimekunywa dawa zote mbili. Maumivu yakaenda mbali, nikafurahi. Kisha nikasinzia juu ya sahani ya mboga ya sombe. Hakuna aliyeona.

Jumapili, 10/3
Kichwa kizito. Kanisani nilishika ukuta. Binti yangu Riziki alipiga simu kutoka Kalemie, akasema ninaongea polepole. Nikasingizia mtandao. Jioni mguu umeanza tena. Nimeongeza tramadol.

Alhamisi, 14/3
Nimerudi nyumbani leo.

Juzi mchana Mama Spès, Mrundi wa kambi ya Lusenda anayeniletea maharagwe, alinikuta kwenye kiti, midomo imebadilika rangi. Anasema nilivuta pumzi moja, kisha kimya, kimya mpaka akadhani nimekufa. Alinitikisa. Akaita pikipiki, akanibana katikati yake na dereva. Pakiti za dawa zilikuwa mezani. Alizibeba.

Nilipoamka daktari alikuwa ameishika ile ya tramadol. «Mama, juu ya nini ulinificha? Hizi mbili pamoja zinalalisha mpaka pumzi. Muntu anasahau kupumua.»

Aibu. Halafu nikamwambia yote, miaka miwili yote. Hakunicheka. Nisiikate tramadol ghafla, amesema. Tutaipunguza kidogo kidogo, na gabapentin ibaki ndogo sana. Nirudi kila juma. Na kwa kuwa ninaishi peke yangu, lazima mtu ajue ninachokunywa.

Mama Spès akasema, «Mi najua.»

Jumamosi, 23/3
Mama Spès ameondoka na batoto wake. Magari ya kurudisha wakimbizi Burundi yalitoka Lusenda asubuhi. Jana alikuja kuniaga. Aliuliza nani ataniangalia sasa. Nikamwambia nitaona. Alipotoka nililia kama mtoto.

Leo sijaongea na mtu.

Jumatatu, 25/3
Nimefundisha nimekaa. Mguu unauma, lakini kichwa ni changu.

Baada ya masomo nimevuka njia, nikabisha hodi kwa Mama Asende, mke wa mvuvi. Miaka saba tunasalimiana tu. Alikuwa anapaa samaki. Nimemwonyesha dawa zote mbili, nikamwambia majina, saa, na yaliyonipata. Hakuuliza mengi. Akapangusa mikono kwenye kitenge.

«Nipite saa ngapi?»

Nikasema saa kumi na mbili. Sasa ni kumi na moja na nusu. Nimeacha mlango wazi.