Kauli Moja ya Chama cha Asubuhi

Jumapili, 3 Machi

Bado nikiamka namtazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anaogopa mwenyewe atatokea kukidai. Analala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu. Fundi wangu wa friji! Hata Jumapili vidole vyake vinanukia shaba na sabuni.

Leo kanipa zawadi ambayo mke mwingine angeicheka. Uraia. Alinikalisha kitandani, akaniandikisha katika Jamhuri ya Zumaridi, ule mchezo wake wa mtandaoni. Watu wasiojuana wanajifanya nchi. Wana bunge, mahakama, magazeti, reli, mito. Hakuna risasi wala mbio, ni maneno tu — hotuba, hoja, kura. Ndiyo jamhuri iliyotukutanisha. Alikuja kutengeneza friji ya dawa pale kliniki ya meno ninapokaa mapokezi. Akajaza gesi, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kusubiri baridi irudi, huku ananong'oneza simu. Nikamuuliza anaongea na nani. Akasema, "Nalihutubia bunge, dada, nivumilie kidogo." Nikamvumilia. Na pete hii hapa.

Spika wa bunge ni wifi yangu. Ni dada yake mkubwa, karani wa mahakama, anakaa ghorofa ya chini yetu. Kule anaitwa Mama Taifa, na ndiye aliyeianzisha jamhuri. Aliponiona nimeandikishwa akaandika mbele ya kadamnasi: karibu raia wa ndoa, wengine tuliingia kwa jasho. Mume wangu akasema ni utani. Nikacheka. Siku hizi nacheka kila kitu.

Jumanne, 5 Machi

Anataka tuanzishe chama chetu! Aliniambia kwenye ngazi, kwa sauti ya chini, kama ananiposa upya. Kachoka kuwa mpiga debe wa dada yake. Kila akiinua mkono bungeni, dada kishamwambia ainue upi. "Uwe Katibu Mkuu wangu," akasema. Nilikubali kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Tumekiita Chama cha Asubuhi, kwa sababu asubuhi ndiyo saa yetu — chai, dirisha, miguu yake juu ya yangu. Waasisi wanne ndio sheria. Yeye, mimi, rafiki yangu msusi, na rafiki yake wa duka la dawa tunayemwita Kimya. Huyo haongei, lakini ukimpa simu anaandika kurasa.

Katiba ya chama nimeiandika kazini. Ndani mtu anagugumia na koleo mdomoni, mimi nje naandika mapenzi. Kifungu cha tatu kimenitoka moyoni kabisa: "Mwenyekiti na Katibu Mkuu ni mume na mke, kauli yao ni moja." Alipokisoma alinibusu kipaji cha uso, akakisoma tena.

Msusi aliuliza, na mkigombana? Nikamwambia sisi hatugombani. Akanivuta kichwa kwa kitana. "Ndoa bado ina lebo ya dukani hiyo. Tulia nimalize kusuka."

Jumamosi, 9 Machi

Tumesajiliwa. Msajili ni mtu wa mbali, hakuna anayemjua sura, na hana mchezo. Kasema kama kawaida: katiba ya chama ikishasajiliwa haiguswi mpaka uchaguzi mkuu. Sawa, baba. Nani ataka kuigusa?

Leo pia nimeandika ilani. Nimeipenda kuliko barua zote nilizowahi kuandika. Jamhuri haina umeme wa kutosha, kwa hiyo Chama cha Asubuhi kitaziba Mto Cherehani na kujenga bwawa. Nikaongeza chumvi kidogo: "Na tuupe mto jina la mto. Taifa lenye heshima halinywi maji ya cherehani." Kwani si kichekesho? Mto wenye jina la mashine ya kushonea!

Nilimpa aisome kabla sijaituma. Alikuwa anaosha vyombo. Akafuta mikono, akasoma yote mpaka chini. "Safi sana," akasema, akarudi kwenye sufuria. Nikaituma. Nampenda mwanaume anayeosha sufuria.

Alhamisi, 14 Machi

Uchaguzi mdogo umetupa viti viwili. Mimi na yeye bungeni, bega kwa bega! Leo ilikuwa hotuba yangu ya kwanza.

Sikuimaliza. Kwanza walianza kunizomea. Katibu wa Shuka, wananiita. Mmoja wa upande wa Spika akauliza kama Katibu ameomba ruhusa jikoni. Spika, ambaye kazi yake ni kunyamazisha watu, akaandika: "Mheshimiwa ajibu swali." Nilipoanza kueleza bwawa, intaneti ikakatika. Ya kwetu inatoka kwake, kisanduku kiko sebuleni pake, ghorofa ya chini.

Nikashuka kugonga. Akafungua upana wa uso tu.

"Wifi, intaneti imekatika."

"Umeme wa huku unakatika ovyo, wifi yangu."

Nyuma yake feni inazunguka. Taa inawaka. Ananitazama kama risiti iliyopitwa na wakati.

Nilipanda nikamwambia mume wangu. Akasema dada ana presha ya kazi. Nikamwambia feni nayo ilikuwa na presha? Akacheka, akanikumbatia, yakaisha. Kwangu yaliisha. Hivi kweli yaliisha? Nimeandika hapa ili nisiyatafune usiku.

Jumapili, 17 Machi

Nilipita duka la dawa kununua plasta. Kimya alinipa plasta, akanipa chenji, halafu — ajabu — akafungua mdomo. Akauliza kama nilijua Cherehani ni nani.

Ni mama yao. Ni mama mkwe wangu ambaye sikumkuta. Alikuwa fundi nguo, na mtaa mzima ulimwita Cherehani. Alipougua akalala miezi, hao wawili wakawa wanakaa naye baada ya shule, na ili asiwaze wakamchorea nchi. Ramani ya kwanza ya Zumaridi waliichora kwenye karatasi zake za kukatia nguo. Mpaka wa kaskazini ni mkono wa gauni. Ghuba ni shingo. Mto, ule mrefu unaopita katikati, yeye mwenyewe aliuchora kwa chaki akiwa kitandani. Ndio huo mimi nataka kuuziba. Ni mimi niliyeandika habari za maji ya cherehani.

Niliona haya mpaka masikioni. Sikupanda hata nyumbani, niligonga kwa wifi moja kwa moja.

Meza yake ina viti vinne, vyote vimesukumwa ndani vikashikana na meza. Hakunivutia hata kimoja. Nikasema nikiwa nimesimama, na plasta mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nikasema sikujua, wifi, nisamehe, nafuta bwawa leo hii.

Alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Hakuinua pasi.

"Ilani aliisoma mumeo kabla hujaituma?"

"Aliisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Na hakukwambia kitu."

"Huenda hakutaka kuniumiza."

"Wewe hakutaka kukuumiza," akasema. Akageuza sare upande wa pili. "Bi arusi, mdogo wangu namjua tangu anaogeshwa kwenye beseni. Akitaka kutupa jiwe, anatafuta mkono wa mtu. Mlango uko nyuma yako."

Mwanamke ana sumu! Nilikuja na msamaha, ananipa mume wangu kwenye sahani, amekatwakatwa. Nimefuta bwawa kwenye ilani. Lakini lile neno lake la jiwe silifuti.

Nimemuuliza mume wangu. Alikuwa anakaza skrubu ya kitasa cha bafuni. "Ningekwambiaje?" akasema. "Ulikuwa umefurahi." Basi. Akaendelea kukaza kitu kilichokwisha kukazwa.

Jumatano, 20 Machi

Wamenipiga na kalamu yangu mwenyewe.

Spika ameleta hoja. Raia wote walioingia kwa ndoa wafutwe. Wako wangapi? Mmoja. Mimi. Nimeanza kuhesabu kura pale mapokezi, mgonjwa wa jino la nyuma ananisubiri nimwandikishe. Upande wake na upande unaompinga wako sawasawa, bila sisi. Na sisi ni wawili. Nikashusha pumzi. Nikaandika bungeni, kwa raha zangu: "Raia wa ndoa anapiga kura ya HAPANA, na anamsalimia Mheshimiwa Spika."

Akajibu baada ya muda, taratibu, lugha ya mahakama. Akanukuu kifungu cha tatu. Mwenyekiti na Katibu Mkuu wa Chama cha Asubuhi kauli yao ni moja. Chama kinasemewa na Mwenyekiti. Kwa hiyo mheshimiwa Katibu hana kura ya kupiga, ana kura ya kusubiri. Akamuomba Msajili aseme kama amekosea.

Msajili kasema hajakosea.

Daktari katoka chumbani na glavu zake kuuliza nani amepiga yowe. Nikasema ni simu.

Kisha wifi akaongeza la mwisho. Akisema neno huwa analitimiza, hilo hata adui zake wanalijua. Kama hoja itaanguka, anafunga jamhuri. Funguo za tovuti anazo yeye. Bunge, reli, ramani, mto, vyote vinazimwa. "Sikai nchi moja na aliyemcheka," akaandika. Wenzake hawakuelewa anamsema nani. Tumeelewa sisi watatu, katika nyumba hii moja.

Upigaji kura unafungwa Jumamosi jioni.

Ijumaa, 22 Machi

Amekuja kunichukua kazini na begi lake la zana, kitu ambacho hajafanya tangu tuoane. Tukatembea. Alinishika mkono barabara nzima. Mkono wake ule, jamani, naujua kila kovu. Pale kwa wauza vioo akasema, bila kunitazama mimi ila mimi wa kwenye kioo:

"Si ungejiuzulu tu, mama, yaishe?"

Nikauliza yaishe nini.

"Haya. Ni mchezo."

"Kama ni mchezo, mwambie dada yako anipe kiti."

Hakuelewa. Au alielewa. Nikamwambia nimeomba msamaha, nimefuta bwawa, nimekubali kuitwa Katibu wa Shuka na watu nisiowajua. Kujiuzulu sijiuzulu. Kama natolewa, nitolewe na mtu mwenye jina, kwa kura, mchana kweupe. Na huyo mtu ni yeye. Hakuna mwingine. Nimekiandika mwenyewe kifungu hicho, na yeye akanibusu.

Akasema, "Unanichagulisha kati yako na mama yangu."

"Mimi sikutaka chama. Wewe uliniposa nacho kwenye ngazi."

Aliachia mkono ili ahamishe begi bega la pili. Hakuurudisha. Tumekula wali. Nilimwekea paja kubwa la kuku, kwa hasira, na yeye akalila kwa hasira.

Msusi kanipigia. Kasema neno moja tu, "Ile lebo?" Nikamkatia.

Jumamosi, 23 Machi

Asubuhi alichelewa kuamka kwa makusudi. Nikitazama kope zake nilijua yuko macho. Nikamwekea miguu juu ya miguu. Hakuitoa, wala hakusogeza yake.

Nimekaa dirishani mchana wote na simu. Bunge linatukana bila kupumzika. Wa upande wetu wanamwita Mama Taifa dikteta, wa upande wake wananiita kupe. Kimya kaandika ukurasa mzima wa kunitetea, mzuri kweli, na wameujibu kwa picha ya mtoto anayelia. Wote wamekwisha kupiga. Ni sawasawa kama nilivyohesabu. Chini kabisa kuna mstari mmoja: Chama cha Asubuhi, kauli inasubiriwa.

Mume wangu amezunguka nyumba. Kafungua friji yetu, kaweka mkono ndani, kafunga. Kafungua tena. Friji nzima hiyo, haina tatizo lolote.

Muda kidogo uliopita intaneti imekatika. Tukatazamana. Nimemwambia, piga kwa data, ninayo kwenye simu yangu, chukua. Nikamnyooshea.

Akasema, "Ngoja nishuke nikamwashie kile kisanduku. Mara moja tu."

"Mpenzi. Chukua simu."

"Mara moja."

Amevaa ndala zangu kwa kukosea. Nimezisikia ngazi nzima, zile ndala, mpaka chini. Mlango umefunguliwa kabla hajagonga.

Intaneti imerudi. Nimesubiri ndala zipande.

Jina lake limewaka kijani. Linaonyesha anaandika. Linazima. Anaandika tena. Kutoka chini nimesikia kiti kikivutwa kutoka kwenye meza, taratibu, kama kinavyovutwa mtu akikaribishwa, na ule mstari wa chini umebadilika: Chama cha Asubuhi, NDIYO.