Vizibao Kumi na Vinne

Malishoni, 3 Julai

Baba yangu mpendwa,

Hujambo? Mgongo umepoa? Sisi huku juu hatujambo, maziwa ni mengi. Sezim ameota jino la pili, ananing'ata huku anacheka.

Baba, vizibao vya namba vya wapanda farasi ulivyoniagiza nishone nimevimaliza, vyote kumi na vinne. Lakini sivileti. Mwaka jana, karibu na mstari wa mwisho, ami zangu walitimua farasi zao kumpokea farasi wa ukoo kwa kelele, kama kawaida yetu, wakamvuta kwa hatamu. Kubat, aliyempanda, akaanguka katikati yao. Hapakuwa na uzio wala ambulansi. Tulimlaza kwenye lori la nyasi, akafia njiani. Mwaka huu mpanda farasi wako ni Jyrgal, mume wangu, baba wa huyu mwenye meno mawili.

Nataka uzio pande zote mbili pale mwishoni, ambulansi yenye daktari, na kofia ngumu kwa kila mpandaji. Bila namba kamati ya wilaya haiwaruhusu kuondoka. Kwa hiyo mbio zako nimezilalia, ziko chini ya mto wangu.

Binti yako,
Aizirek

Kijijini, 6 Julai

We Aizirek,

Mgongo uko vilevile. Mbusu mjukuu wangu.

Nilidhani dereva wa maziwa amekosea nyumba kuniletea barua hii. Mbio hizi ni za kumkumbuka babu yako! Wageni wanatoka mabonde manne. Niwafungie ami zako nyuma ya uzio kama kondoo? Watu watasema farasi wangu hana kwao. Ya Kubat aliyapanga Mungu. Na mumeo anasemaje, au siku hizi suruali unavaa wewe?

Leta vizibao.

Baba yako

Malishoni, 8 Julai

Baba,

Salamu nyingi, na pole ya mgongo. Suruali anavaa Jyrgal. Mimi nazishona.

Yeye alisema atapanda tu, kwa heshima yako. Nikamwambia apande bila namba, tuone atafika wapi. Akacheka, akaenda kukata miti ya nguzo. Iko tayari, tuma lori.

Shule niliishia darasa la nane, lakini karatasi ya kamati iliyobandikwa dukani niliisoma yote. Inasema mwenye mbio ndiye anayeweka uzio, daktari na kofia. Chini kuna sahihi yako, baba, ile yenye mkia mrefu. Na Mungu hakushika hatamu siku ile. Aliyeshika ni ami Orozbek.

Binti yako,
Aizirek

Malishoni, 14 Julai

Baba, u mzima? Siku sita kimya.

Nasikia umezunguka kijiji kizima kutafuta mshonaji mwingine, na kila cherehani imeharibika. Zote, kwa wiki moja! Poleni sana.

Aizirek

Kijijini, 18 Julai

Mwanangu,

Mgongo sasa unauma kweli, maana nimechimba mashimo ya nguzo. Orozbek alikuja kunifokea mbele ya watu: "Kaka, unaongozwa na mtoto wa kike?" Nikamwambia, "Shika koleo." Akavua koti. Halafu akachimba mpaka jua likazama. Ami zako watasimama nyuma ya uzio, wapige kelele wakiwa hukohuko.

Ambulansi inakuja na daktari. Kofia nimepata kumi na tatu, nimewagawia wageni kwanza, maana mgeni hawezi kukosa kwangu. Jyrgal ni wa nyumbani, atafunga kitambaa kichwani kama alivyofanya babu yako. Kumi na tatu si haba, mama. Umeshinda. Mbio ni keshokutwa, leta vizibao.

Baba yako

Malishoni, 19 Julai

Baba yangu,

Ahsante kwa mashimo. Mwambie ami Orozbek namsalimu, na sina kinyongo.

Kofia kumi na tatu, vizibao kumi na tatu. Dereva anavyo kwenye mfuko, vimepigwa pasi. Cha farasi wako ninacho mimi.

Kesho nashuka. Utanikuta kwenye mlango wa ambulansi, Sezim mgongoni, kizibao mkononi. Ukija na kofia, nitamvalisha Jyrgal mwenyewe na kumfunga kamba. Ukija mikono mitupu, karibu vilevile, nitakuwa na maandazi ya moto. Tutakaa nyuma ya uzio wako, sote wanne, tuangalie farasi wa wageni wakishinda.

Akupendaye na asiyekuogopa,
Aizirek